Hati nimeshapata: nifute andiko nililowaita matapeli?

*"Naishi Dodoma. Mwaka 2018 nilinunua kiwanja Nala kwa kampuni moja inayopima na kuuza viwanja. Nililipa kwa awamu mpaka nikamaliza shilingi milioni tatu na laki sita. Tuliahidiwa hati ndani ya miezi sita. Ukapita mwaka na ushei, simu hazipokelewi, ofisi ikahama bila taarifa. Agosti 2019 nikaandika andiko refu mtandaoni, nikawataja kwa jina, nikawaita matapeli, nikaweka na picha ya dada wa mauzo aliyepokea pesa zangu pamoja na namba yake ya simu. Lilisambaa mno. Machi 2021 hati ikatoka, nikaenda kuichukua. Andiko sikuligusa tena. Mwezi uliopita mtu amenitumia ujumbe WhatsApp, anasema ni meneja mpya, wamiliki wamebadilika, na kila mteja akitafuta jina la kampuni anakutana na mimi kwanza. Anaomba nifute, atanipa laki tano 'ya usumbufu'. Mwisho ameandika: 'vinginevyo tutalazimika kuchukua hatua.' Rafiki zangu wamegawanyika. Wapo wanaosema nilisema ukweli nisiogope, wapo wanaosema miaka imepita hawana la kunifanya, na mmoja anasema chukua hela, futa, lala usingizi. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, kwanza kabisa usifute kitu usiku wa leo, na hiyo laki tano usiijibu bado. Vyote viwili vinaweza kusubiri hadi umalize kusoma hapa.

Nimekuwa wakili hapa mjini tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyosimamia ardhi ya Dodoma, na nimekaa pande zote mbili za meza hii. Nimewatetea walioandika, na zamani kidogo nimewahi kuiandikia kampuni moja barua ya kumtisha mwananchi aliyeilalamikia. Barua ile niliipamba kwa Kiingereza kizito nikaridhika nayo. Kufika jioni ilikuwa imepigwa picha na inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mji mzima, na malalamiko ambayo walikuwa wameyasoma watu mia hivi yakasomwa na kila mwenye simu. Mteja wangu hakunipa kazi tena. Nakuambia hili ili ujue kwamba huyo meneja naye anacheza kamari, na huenda analijua hilo. Ndiyo maana amekuja na hela kabla ya kuja na wakili.

Unachouliza kina maswali mawili yaliyochanganyika: je, wanaweza kunifanya kitu, na je, ni haki andiko lile kuendelea kukaa pale. Rafiki zako wote wamejibu la kwanza tu, na kila mmoja amelijibu nusu.

Tuanze na huyu anayesema "ulisema ukweli, usiogope". Ni kweli kwamba ukweli ni ngao. Katika shauri la kashfa, yaani madai kwamba umechafua jina la mtu, ukithibitisha kwamba ulichoandika ni kweli, umeshinda. Tatizo liko kwenye neno *ukithibitisha*. Katika kesi nyingi za madai anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Kwenye kashfa, kampuni ikishaonyesha kwamba maneno yalichapishwa, yanaihusu, na yanashusha heshima yake, mzigo unahamia kwako. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya hakimu na kuonyesha, sentensi kwa sentensi, kwamba mambo yalikuwa hivyo. Na kampuni, kwa kuwa sheria inaitambua kama mtu, inaweza kushtaki kwa jina lake yenyewe.

Uzito wa mzigo huo waliuonja Waingereza wawili. Mwaka 1986 kikundi kidogo cha wanaharakati jijini London kiligawa kipeperushi dhidi ya McDonald's, kikiituhumu kwa mambo mengi: chakula, mishahara, mifugo, matangazo kwa watoto. Mwaka 1990 kampuni ikawashtaki watu watano. Watatu wakaomba radhi, yakaisha. Wawili, Helen Steel na Dave Morris, watu wa kipato cha chini, wakagoma. Hawakuwa na wakili wa kulipwa. Walisimama mahakamani wenyewe kwa siku 313, katika kesi iliyoanza kusikilizwa 1994 na kuamuliwa Juni 1997. Jaji alikubali kwamba baadhi ya waliyosema yalikuwa ya kweli, yakiwamo ya matangazo yanayowalenga watoto na ya mishahara duni. Lakini mengine hawakuweza kuyathibitisha, na kwa hayo wakaamriwa kulipa pauni 60,000, zilizopunguzwa baadaye hadi 40,000. Kampuni haikuwahi kuzikusanya. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema kwamba wawili wale hawakutendewa haki, kwa sababu walinyimwa msaada wa kisheria katika kesi kubwa kiasi kile.

Watu wengi huisimulia kesi hiyo kama hadithi ya wanyonge walioishinda kampuni. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Kipeperushi kile kilikuwa na ukweli mwingi, na ukweli huo haukuwaokoa na zile sentensi walizoziandika bila ushahidi. Mahakama hailipimi andiko kwa wastani wake, kwamba sehemu kubwa ni kweli basi na iliyobaki isamehewe.

Sasa rudi kwenye andiko lako. Kwamba ulilipa milioni tatu na laki sita, risiti inasema. Kwamba uliahidiwa miezi sita, mkataba unasema, au ujumbe wa simu. Kwamba ofisi ilihama na simu hazikupokelewa, unaweza kuita shahidi. Yote hayo ni masimulizi ya mambo yaliyotokea, na kwa maelezo yako yana mashiko. Halafu kuna neno moja, *matapeli*.

Tapeli ni mtu aliyekusudia tangu mwanzo kukudhulumu, na aliyechelewa ni mtu mwingine. Ili uthibitishe utapeli unatakiwa uonyeshe nia, na kwa bahati mbaya yako hati uliipata. Wakili wao ataanza na hapo hapo: tapeli gani huyu anayekuja kukukabidhi hati?

Nafahamu hasira yako ilitoka wapi, na wala sikulaumu. Tukumbuke Dodoma ya miaka ile ilivyokuwa. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuhamia, watu wakavamia viwanja kama kumbikumbi baada ya mvua. Mei 2017 CDA ikavunjwa, majalada yake yakahamia halmashauri. Aprili 2018 tukawa Jiji. Katika miezi hiyo kila aliyekuwa na kipande cha pori Nala, Ihumwa au Nzuguni aligeuka mfanyabiashara. Na kiwanja hakigeuki hati kwa kuchomekwa bikoni. Kuna ramani ya mipango miji kuidhinishwa, kuna upimaji kuhakikiwa na kusajiliwa, kuna umilikishaji, kuna tozo, ndipo Msajili wa Hati anaisajili. Kampuni inaweza kukwama kwenye hatua yoyote kati ya hizo bila kuwa imemwibia mtu. Inaweza pia kutumia kukwama huko kama kisingizio huku ikizungusha pesa za wateja. Wewe kwa kusimama nje ya mlango uliofungwa usingeweza kujua ni lipi, na mimi pia nisingeweza. Ulichokijua ni kwamba waliahidi, hawakutimiza kwa wakati, na hawakukupa maelezo. Hayo matatu yakiandikwa kavu kavu yanamwambia mnunuzi mwingine kila anachohitaji kujua. Neno "matapeli" halikuongeza taarifa yoyote, liliongeza hatari tu.

Utaniambia lile lilikuwa oni lako, na mtu ana haki ya kuwa na maoni. Anayo. Katiba ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na sheria ya kashfa inayo ngao ya maoni ya haki. Lakini ngao hiyo inamlinda anayetaja kwanza mambo ya kweli kisha akatoa hukumu yake juu ya mambo hayo kwa nia njema. "Nimesubiri miezi kumi na minane, simu hazipokelewi, kwa mtazamo wangu kampuni hii si ya kuaminiwa" ni maoni. "Hawa ni matapeli" mtu wa kawaida akiisoma anaelewa kwamba unamweleza jambo lililotokea, yaani watu wameibiwa. Mpaka huo ni mwembamba na majaji wenyewe hubishana juu yake, kwa hiyo usiuwekee dau nyumba yako.

Sasa huyu wa pili, wa "miaka imepita". Yuko karibu na ukweli kuliko mwenzake, lakini hajafika. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, mashauri ya madhara ya kiraia, kashfa ikiwamo, yanafunguliwa ndani ya miaka mitatu. Ukihesabu kuanzia Agosti 2019, dirisha lilishafungwa. Swali linaloumiza kichwa ni hili: hesabu inaanza lini kwa kitu ambacho bado kinasomwa leo?

Hapo lazima nikupeleke kwa mtawala mmoja wa Kijerumani aliyeng'olewa madarakani akaishia uhamishoni. Gazeti moja la London lilikuwa limemwandika vibaya mwaka 1830. Mwaka 1848, miaka zaidi ya 17 baadaye, akamtuma mtumishi wake kwenye ofisi za gazeti hilo kununua nakala ya zamani. Mtumishi akauziwa. Yule bwana, Duke wa Brunswick, akashtaki. Gazeti likasema muda umepita, kwani ukomo wao wakati huo ulikuwa miaka sita. Mwaka 1849 mahakama ikajibu kwamba kumuuzia mtumishi nakala ni kuchapisha upya, kwa hiyo saa imeanza kuhesabu upya. Akapewa fidia ya pauni 500.

Ukiihamishia kanuni hiyo kwenye mtandao, kila anayefungua ukurasa wako leo ni yule mtumishi. Waingereza wenyewe waliona haiendani na zama hizi, wakaiondoa kwa sheria ya mwaka 2013: kwao sasa ni mwaka mmoja tangu kuchapishwa mara ya kwanza, basi. Lakini sisi tuliipokea sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hivyo walichokifuta wao juzi hakijafutika kwetu kwa sababu tu wao wamekifuta. Sisemi mahakama ya hapa lazima imfuate huyo Duke. Nasema wakili mwenye bidii ataileta hoja hiyo, na kuijibu kutakugharimu pesa na muda hata kama mwisho utashinda. Kwa hiyo "miaka imepita" itumie kama utetezi wa akiba, usiitegemee peke yake.

Kwenye jinai nitapita haraka, maana naona ndiyo inayotisha watu zaidi wakati kwa hali yako ndiyo ndogo. Juni 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 yaliyoiondoa kashfa kwenye makosa ya jinai ya sheria hiyo. Bado ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, yenye faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Lakini kosa hilo linamtaka mshtaki aonyeshe kwamba ulijua taarifa ni ya uongo na uliichapisha kwa nia mbaya, kama vile kumkashifu mtu au kupotosha umma. Mtu aliyelipia kiwanja, akasubiri, akaandika yaliyomkuta, hayuko huko. Angalia lakini jambo moja: *kujua*. Agosti 2019 hukujua kama hati itakuja. Leo unajua ilikuja. Andiko likiendelea kusema mpaka leo kwamba watu hawapewi hati, nawe ya kwako iko kabatini, unaanza kusogea mahali ambapo hukuwepo wakati unaliandika.

Na hapo ndipo lilipo swali lako la pili, la haki. Kwangu ndilo zito kuliko la kisheria. Andiko lako la 2019 halikuwa uongo siku lilipoandikwa. Limekuwa pungufu tangu Machi 2021, siku ulipotia sahihi ukachukua hati ukaondoka. Msomaji wa leo anayeamua aweke akiba yake wapi anasoma habari iliyokatwa katikati. Unaidai kampuni maelezo ambayo haikukupa kwa mwaka mzima na zaidi, sawa. Lakini wewe nawe umewanyima wasomaji wako maelezo kwa miaka, na hilo halihusiani na nani anamiliki kampuni sasa.

Je, dawa ni kufuta? Mimi naona hapana, ukiwa na ushahidi wako. Nitakueleza sababu.

Kufuta hakufuti. Andiko lililosambaa "mno", kama unavyosema, lina nakala kwenye simu za watu, na huenda hata kwenye hifadhi za mtandao zinazokusanya kurasa za zamani tangu miaka ya tisini. Ukilitoa lako, zinabaki zile nakala ambazo huna uwezo wa kuzisahihisha, na ambazo hazina habari ya hati kutoka. Pili, andiko likitoweka ghafla bila neno, wasomaji watajaza wenyewe nafasi hiyo: amenunuliwa, au alidanganya. Tatu, na hili nisilifiche, kampuni ile iliwachelewesha watu kweli. Kubadilisha wamiliki hakuirudishi miezi ile. Mnunuzi wa leo ana haki ya kujua kwamba yalitokea, na ana haki ya kujua yaliishaje.

Mahakama za wenzetu zimelifikiria jambo hili. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika kesi dhidi ya gazeti la The Times kuhusu maandiko yaliyobaki kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, ilisema kwamba kubandika tahadhari inayofaa juu ya andiko la zamani kwa kawaida huondoa ule mwiba wake. Uamuzi huo hauwabani majaji wetu, ila ni hekima ambayo hata mzee wa baraza la kata angeitoa: acha kumbukumbu, toa mwiba.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kabla ya kugusa chochote, ningehifadhi nakala ya andiko zima kama lilivyo leo, ikionyesha tarehe. Hii ni muhimu, kwani ukibadilisha bila kuweka nakala, kesho wakidai uliandika jambo ambalo hukuandika, utajitetea na nini? Kisha ningeweka maelezo juu kabisa, kabla ya mstari wa kwanza, si chini ambako hakuna anayefika. Kitu kama hiki:

*"Andiko hili niliandika Agosti 2019, nikiwa nasubiri hati ya kiwanja nilichokuwa nimemaliza kulipia. Hati niliipata Machi 2021. Mwanzo nilitumia neno 'matapeli'. Nimeliondoa kwa kuwa sina uthibitisho kwamba kulikuwa na nia ya kudhulumu. Nimeondoa pia picha na namba ya mfanyakazi mmoja. Mengine nimeyaacha kama nilivyoyashuhudia. Nimeelezwa kwamba uongozi wa kampuni umebadilika. Wakitaka kutoa maelezo yao, nitayaweka hapa."*

Weka na tarehe ya siku uliyoandika hayo. Usibadilishe kimya kimya. Anayerekebisha gizani huonekana ana la kuficha, na anayesema wazi "hapa nilizidisha" huaminiwa hata kwa yale aliyoyaacha.

Umeona nimetaja picha ya yule dada. Hiyo, tofauti na mengine yote, iondoe leo, ukimaliza tu kusoma. (Nakala kwa ajili ya ushahidi wako binafsi hifadhi, lakini hadharani isionekane.) Yeye hakuwa kampuni. Alikuwa mtu wa mauzo, pengine wa kulipwa kwa kamisheni, aliyepokea pesa akaipeleka alikoambiwa aipeleke. Sijui ni simu ngapi za matusi alizopokea ule mwezi andiko liliposambaa, na wewe hujui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mtu wa nyama na damu, haiilindi kampuni. Kwa hiyo katika watu wote waliotajwa kwenye andiko lako, huyu ambaye hajakutumia ujumbe wowote ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Anaweza kwenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au mahakamani kwa jina lake mwenyewe. Ukweli ni kwamba hata sheria isingekuwepo, ningekuambia uiondoe.

Sasa laki tano. Rafiki yako wa tatu ni mtu wa vitendo, nampenda, lakini usimsikilize. Leo wao ndio wametoa ofa. Ukijibu "ongezeni ifike milioni, nitafuta", mazungumzo yamebadilika sura: aliyekuwa analalamika sasa anauza ukimya. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa ya kudai mali kwa vitisho, na skrinshoti moja ya ujumbe wako ikikatwa vizuri itakuonyesha hivyo. Pesa ikipita kwenye simu inaacha jina, saa na kiasi. Na ukishapokea, siku ukitaka kuandika kuhusu kampuni nyingine yoyote, watauliza bei yako.

Kama wanaona walikukosea kwa kukuchelewesha, wakulipe fidia ya ucheleweshaji, kwa maandishi, ikitajwa kwamba ni fidia ya ucheleweshaji, na iwe haihusiani na andiko kubaki au kuondoka. Hiyo ni hela halali na unaweza kuipokea kichwa juu. Ukiona wanarudi nyuma ukiwaambia hivyo, utakuwa umejua laki tano ilikuwa ya nini.

Mjibu kwa upole na kwa ufupi, ukikumbuka kwamba kila neno linaweza kusomwa na hakimu. Kwa mfano: "Habari za kazi ndugu. Nimepokea ujumbe wako. Nimeweka maelezo mapya juu ya andiko, nimerekebisha baadhi ya maneno na kueleza kwamba hati niliipata. Kama kuna sentensi mnayoona si sahihi, nionyesheni ipi na nyaraka zinazoonyesha vinginevyo, nitaifanyia kazi. Fedha sitahitaji. Asante." Usijibizane zaidi ya hapo. Akipiga simu, mwombe aandike.

Kuna wakati nakubaliana kabisa na kufuta, na nisipousema nitakuwa nimekudanganya. Ukitafuta mkataba usiupate, risiti zimepotea, simu ya zamani iliibiwa pamoja na meseji zote, basi huna cha kuthibitishia. Futa lote, acha mistari miwili inayoeleza kwamba ulikuwa na mgogoro na kampuni kuhusu hati, na kwamba ulimalizika. Vilevile kama jambo hili linakunyima usingizi, una mgonjwa nyumbani, au umeajiriwa mahali ambapo kesi yoyote itakuharibia, hakuna aibu kufuta. Wale watatu walioomba radhi London hawakuwa waoga. Walipima uwezo wao, na anayejua uzito wa mzigo ni mbebaji. Ila hata hapo usifute bure. Waombe mkataba mfupi wa makubaliano, uliosainiwa na mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni, unaosema kwamba unaondoa kwa hiari, hukiri kosa, na wao hawatakudai chochote kuhusu andiko hilo siku yoyote. Bila karatasi hiyo unaweza kufuta leo na kushtakiwa kesho kwa miaka ambayo lilikuwa hewani.

Ujumbe wa WhatsApp wenye "tutalazimika kuchukua hatua" bado ni maneno. Mambo yanabadilika ukipokea mojawapo ya haya: notisi kutoka kwa wakili, barua kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inayohusu Kanuni za Maudhui Mtandaoni, wito wa polisi, au wito wa mahakama. Hapo acha kusoma majibu ya watu kama mimi, nenda ukaonane na wakili ana kwa ana. Polisi usiende peke yako, na usitoe maelezo ya maandishi kabla wakili hajafika. Wito wa mahakama katika shauri la madai ukishakabidhiwa, una siku 21 za kuwasilisha utetezi wako kwa maandishi. Nimeona watu wenye kesi nzuri wakishindwa kwa sababu waliweka karatasi juu ya friji wakisubiri mwisho wa mwezi. Na ukishapata notisi au wito, usibadilishe wala kufuta herufi moja kabla ya ushauri, maana sasa hicho ni kielelezo.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitungwa kwa ajili yako. Anza kwa kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii kwenye halmashauri, watakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Wasaidizi wa kisheria watakusaidia kupanga nyaraka na kuelewa barua, lakini hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani, kwa hiyo mapema waulize nani atakayesimama.

Siku ya kwenda, beba simu yenyewe iliyopokea ujumbe, si picha zake tu. Tangu 2015 Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, lakini mahakama itataka kujua ulitoka wapi na kama haujachezewa. Beba mkataba, hati, na risiti zote za awamu. Na kuhusu risiti, zile za mashine ya EFD zimechapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na wewe unaishi Dodoma. Zitoe ulikozihifadhi leo, uone kama bado zinasomeka, upige picha na kutoa fotokopi kabla hazijawa karatasi nyeupe.